Meseji inayojituma yenyewe: ninavyoitumia kwenye ofisi yangu ya mizigo, Mbeya

Boksi lilikuwa la fundi simu wa Kabwe. Ndani kulikuwa na vioo vya simu, betri na simu za kitochi kumi na mbili, vyote vimetoka Kariakoo kwa basi. Karani wangu aliliandika namba 2218 kwa makapeni, kubwa kama namba ya nyumba, akaliweka kwenye shelfu inayotazamana na dirisha. Saa tatu asubuhi akaja kijana mtanashati, akasalimia vizuri, akasema amefuata 2218. "Una meseji?" Akageuza kioo cha simu. Juu palikuwa na jina la ofisi yetu, chini pameandikwa mzigo wako 2218 umefika, karibu. Akapewa, akashukuru, akaondoka na bodaboda. Saa nne akaja fundi mwenyewe, na yeye ana meseji ileile.

Ujanja aliotumia ni mwepesi mpaka naona aibu kuusimulia. Alisevu laini yake ya pili kwa jina la ofisi yetu, akajitumia meseji mwenyewe. Namba ya mzigo aliisoma pale dirishani, juu ya boksi. Fundi nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi minne, na mpaka leo akija huwa ananiuliza kwa utani, "Mama Mizigo, leo umenigawa?"

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenzangu mwenye ofisi ya vifurushi, mashine ya kukoboa inayohifadhi mpunga wa watu kule Igurusi au Ubaruku, duka la dawa, fundi cherehani, yeyote ambaye mali ya mteja inalala kwake kabla ya kuchukuliwa. Mfumo wa meseji zinazojituma zenyewe unaweza kukusaidia sana. Ila ukiufunga bila kubadilisha kinachofanyika dirishani, utakuwa umemnunulia mwizi vocha.

Anza na daftari

Kabla hujazungumza na mtu wa kompyuta, kaa chini uandike mzigo unapita wapi tangu unaingia mpaka unatoka. Kwangu unapita sehemu nne: unapokelewa, unapakiwa, unafika, unachukuliwa. Kila sehemu jiulize: hapa nani anahitaji kujua nini, na akijua atafanya nini? Kama hana cha kufanya, usimtumie.

Mwanzoni nilituma meseji zote nne. Ile ya "mzigo wako umepakiwa" niliifuta baada ya mwezi. Mtu akishasoma umepakiwa, kichwani kwake umeshafika. Basi lipo Kitonga, lori limelala katikati ya mlima na foleni haisogei, huku mteja wa Uyole amekaa kwenye benchi langu tangu saa nane ananitazama kama mimi ndiye niliyeangusha lori. Siku hizi tunakaa kimya mpaka mzigo ushuke, isipokuwa basi likichelewa sana. Hapo karani anabonyeza kitufe kimoja na wote wenye mizigo kwenye basi hilo wanaambiwa wasije leo.

Zilizobaki ni tatu. Ya kwanza inakwenda kwa aliyetuma, palepale akiwa bado dirishani:

"Tumepokea mzigo 4471 kwenda Iringa, boksi 1. Anayepokea: namba inayoishia 318. Kama siyo, rudi dirishani sasa hivi."

Hiyo "inayoishia 318" imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo mzima. Mtu anataja namba ya shemeji yake kwa kichwa, karani anakosea tarakimu moja, na taarifa za mzigo zinaangukia simu ya mtu wa Sumbawanga asiyekujua wala usiyemjua. Mtumaji akiona tarakimu tatu za mwisho anashtuka kabla hajavuka barabara. Ukiweza, mwambie karani aisome namba kwa sauti, mbili mbili, halafu mtumaji aibip. Mimi nimelifanya hilo kuwa sheria kwa mzigo wowote ambao mwenyewe anasema ni wa thamani.

Ya pili ndiyo yenye namba ya siri, nitaieleza kwa kirefu. Ya tatu inarudi kwa aliyetuma:

"Mzigo 4471 umechukuliwa leo saa 5:20 asubuhi. Kama hukumtuma mtu, tupigie sasa."

Wengi wanadhani hii ya tatu ni adabu tu. Hapana, ni kengele. Mwizi akifanikiwa kupita kila mahali, huyu aliyetuma ndiye wa kwanza kujua, na anajua wakati bodaboda haijafika hata Mafiati.

Namba ya siri

Hii ndiyo ile mnayoizoea benki na kwenye mitandao: unaingia, wanakutumia tarakimu sita, unaziandika, wanajua simu iko mkononi mwako. Kwa mizigo wazo ni lilelile, lakini usiige benki kila kitu. Namba ya benki inakufa baada ya dakika chache, na ni sawa, kwa sababu wewe umekaa palepale unaisubiri. Mteja wangu wa Makete anaweza kuwa shambani kwenye viazi bila mtandao mpaka jioni. Meseji haipotei, inasubiri kwenye mitambo ya kampuni ya simu na kujaribu tena simu ikipata mtandao. Ila kama namba yenyewe niliipa dakika kumi, ataipokea imeshakufa. Yangu inaishi mpaka mzigo uchukuliwe, na ikishatumika haifanyi kazi tena.

Mpwa wangu, anayesoma chuo pale Iyunga, ndiye aliyenitengenezea programu. Toleo lake la kwanza lilifanya namba ya siri kuwa tarakimu za mwisho za namba ya mzigo. Nikamwambia mwanangu, hiyo si siri, hiyo tumeibandika kwenye boksi. Namba lazima itoke kwa bahati nasibu, isitokane na namba ya mzigo, wala ya simu, wala tarehe.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawakuambii, kwa sababu hawajawahi kukaa dirishani: karani asiione namba. Kwenye kompyuta yangu, mteja akifika anaitaja, karani anaiandika, kompyuta inajibu ndiyo au hapana. Basi. Akikosea mara tatu, mzigo unafungwa mpaka nije mimi. Mwanzo makarani walininunia, wakaona nawatuhumu. Nikawaeleza kwamba mzigo ukipotea, yule aliyekuwa anaiona namba ndiye atakayeulizwa maswali polisi. Wakaelewa upesi.

Kitambulisho bado naomba. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ukipiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, lakini hilo halimzuii mtu kuiba simu yenyewe, au kumdanganya wakala mpaka laini ihamie kwenye kadi nyingine. Na kuna watu wanaobadilisha laini kama kandambili, namba zao za zamani zimeshapewa watu wengine. Namba ya siri inaniambia simu iko hapa. Jina kwenye kitambulisho linaniambia ni nani aliyeishika.

Wapo pia wasiosoma. Kuna bibi mmoja wa Tukuyu analetewa dawa na mwanawe kila mwezi. Meseji anasomewa na kijana wa duka la jirani, kwa sauti, watu wamejaa. Siri gani hiyo! Yeye tumempa swali. Akifika namsalimu shikamoo bibi, anaitikia, namuuliza mzigo umetoka kwa nani na ndani kuna nini. Akijibu sawasawa, ndipo tunaendelea na namba. Anachukua dawa zake, anasema ndaga fijo, yaani asante sana, anakwenda. Usiache mashine ikunyime kumjua mteja wako.

Kuandika meseji yenyewe

Hapa ndipo pesa inapovujia, kwa hiyo nivumilieni.

Meseji moja inabeba herufi 160, ukihesabu nafasi na nukta. Kikomo hicho ni cha zamani. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985, aliandika sentensi za kawaida kwenye taipureta yake mjini Bonn, akazihesabu, akaona karibu zote zinaisha kabla ya 160. Hakuwa anaandika Kiswahili, mzee wetu. "Kuchukulia" peke yake inakula kumi. Ukipita 160, meseji inakatwa vipande na unalipia kila kipande, hata kama mteja anaiona ni moja.

Yangu ilikuwa hivi:

"Mzigo wako namba 4471 kutoka Dar umefika. Njoo na kitambulisho. Namba ya kuchukulia: 830652. Itaje dirishani tu, usimpe mtu kwa simu. Saa 1 asubuhi-12 jioni."

Ina herufi 157. Nikajipongeza. Kisha ukaja mzigo wa Makambako. Ondoa Dar weka Makambako, unapata 163, na kila mzigo wa Makambako ukawa unanikata mara mbili. Nikaondoa neno "namba" lile la kwanza, ikarudi 157. Somo: pima kwa jina refu kuliko yote uliyonayo.

La pili lilinichukua wiki tatu kulijua. Nilihamisha ofisi, nikaandika kwenye meseji kwamba tupo ng'ambo ya barabara. Herufi 128 tu, lakini salio likawa linakwisha kwa kasi ya ajabu. Nikampigia mtoa huduma, kampuni inayoniuzia meseji, kwa hasira, akaniambia mama, meseji zako zote zinahesabiwa mbili mbili. Kosa lilikuwa kile kikoma cha juu kwenye ng'. Mpwa wangu aliandika kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo inageuza kikoma kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za simu, na meseji ikiwa na hata herufi moja ya nje ya orodha hiyo, kikomo kinashuka kutoka 160 hadi 70. Vivyo hivyo kwa vikatuni vya kucheka na vya mioyo. Kwa Kiswahili chetu chenye ng'ombe, ng'ambo na majina ya watu yenye ng', hili litakukuta. Andika kwa kikoma kilichonyooka, au tafuta neno jingine. Mimi sasa naandika "mkabala na".

Lugha iwe fupi ila isiwe ya amri kama ya jela. Usiweke kiungo cha intaneti hata siku moja. Kitochi hakikifungui, na ukiwazoesha wateja kubonyeza viungo kwenye meseji zako, tapeli atawatumia chake. Usiombe pesa kwa meseji. Nimeandika kwa rangi nyekundu ukutani: HATUOMBI HELA KWA MESEJI. Wanajua wote ile "hela tuma kwenye namba hii", lakini ikija na maneno "mzigo wako umezuiliwa, lipia kwanza", mtu anayengoja mzigo kweli anateleza. Akija kuniuliza namwambia aipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, halafu aifute.

Jina linalotokea juu

Ukituma kwa mfumo, meseji inaweza kutokea kwa jina la biashara badala ya namba. Jina lisizidi herufi 11, nafasi ikihesabiwa. La kwangu lilikuwa refu, nikalikata. Unaliomba kupitia kampuni inayouza meseji za mkupuo, nayo inalipeleka kwa mitandao ya simu. Mimi niliombwa leseni ya biashara, TIN na barua yenye muhuri. Omba mapema, usingoje siku ya kufungua ofisi.

Jina hilo halijibiwi. Wateja wangu walijibu kwa miezi, "nakuja kesho", "mpe mdogo wangu", na majibu hayakufika popote. Kwa hiyo namba ya kupiga iwe kwenye risiti na ukutani. Na mkumbuke kijana wa boksi 2218: jina lililo juu ya meseji si ushahidi, kila mtu anaweza kusevu namba yoyote kwa jina lolote. Dirishani kwangu hatuangalii tena simu ya mteja. Anataja namba, haoneshi kioo.

Kama huna mizigo mingi

Usianze na programu. Kama unahudumia watu ishirini kwa siku, kompyuta moja na ukurasa wa mtoa huduma vinatosha: unaandaa orodha kwenye Excel, unaipandisha, inatuma. Angalizo ni moja kubwa. Excel inapenda kula sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu, na ukiandika kwa kuanzia na 255 inaweza kuikunja ikawa 2.55E+11, ukadhani mteja wako yuko mwezini. Ifanye safu ile kuwa ya maandishi kabla hujaandika chochote. Na usikisie mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake.

Mizigo ikiongezeka ndipo mwite kijana aunganishe programu yako na mtoa huduma, kupitia kile wanachokiita API, yaani njia ya programu mbili kuongea zenyewe. Hapo karani akibonyeza "umefika", meseji inaondoka yenyewe. Mwambie kijana akuwekee pia orodha ya ambazo hazijafika. Kuna tofauti kati ya "imetumwa" na "imefika", na wauzaji wengine wanapenda kukuonesha ya kwanza. Sisi ikipita saa mbili bila "imefika", jina linatokea kwenye kioo na karani anapiga simu. Umeme ukikatika tunarudi kwenye daftari. Daftari halijawahi kuondoka mezani.

Mwambie pia kuhusu saa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mizigo mingi inashuka kwangu alfajiri. Wiki ya kwanza mfumo ulifanya ulichoambiwa: mzigo umeandikwa saa kumi usiku, meseji ikaondoka saa kumi usiku. Kwa watu wa huku simu ikilia saa hiyo ni msiba. Mama mmoja wa Mbalizi aliamsha nyumba nzima, wakaanza kulia kabla ya kutafuta miwani. Alikuja asubuhi kuchukua ndoo yake ya dagaa na hakunisalimia. Sasa meseji zote za usiku zinalala mpaka saa moja.

Namba za watu ni za watu

Mtu wa matangazo alinifuata akitaka orodha ya namba zangu, na pesa yake ilikuwa nzuri. Nikakataa. Mteja alinipa namba nimwambie mzigo umefika, hakunipa ili auziwe viwanja. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Ukikusanya taarifa za watu, nenda ujisajili na uulize unatakiwa kufanya nini. Hata matangazo yako mwenyewe, ya kupunguza bei ya Iringa kwa mfano, yatume kwa waliokubali tu, na kwa siku nyingine kabisa. Ukichanganya tangazo na meseji ya mzigo, watu wataacha kusoma zote mbili, na ile ya kengele watakuwa hawajaisoma.

Siku moja kabla ya kuwasha

Kusanya simu tano: kitochi, simu kubwa, na laini za mitandao mbalimbali. Jitumie meseji zote tatu kwenye kila moja. Soma kwenye kile kitochi chenye kioo kidogo, uone kama namba ya siri imekatika katikati ya mstari. Mpe mtu asiyejua biashara yako asome kwa sauti, umsikie anakwama wapi. Kisha mtume ndugu ambaye karani hamjui, aende dirishani na namba ya uongo, amsalimie vizuri kama yule wa boksi 2218, na aseme ana haraka, basi la Tunduma linamwacha. Wewe kaa nyuma, usikilize karani atajibu nini.